Kapasita kwenye muziki wa gari: kabla hujafunga, pima volti kwanza

Wakuu, swali la taa kufifia kila besi inapopiga linarudi humu kila mara, na jibu la kwanza karibu siku zote ni "funga kapasita". Mtu anafunga kopo la faradi moja (faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita kutunza umeme) kwenye buti, taa zinaendelea kufifia vilevile, kisha anaambiwa anunue kubwa zaidi. Naomba safari hii tulizungumze kwa hesabu, maana hela nyingi zinapotea hapa na amplifaya nzuri zinakufa kwa kukosa volti.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: kapasita haizalishi umeme. Inatunza kidogo na kuutoa haraka sana, basi. Kama alternata yako, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inatoa pungufu ya kile ambacho gari na muziki vinakula, kapasita nayo inageuka kuwa mlaji mwingine, kwa sababu kila inapoishiwa lazima ijazwe upya na alternata ileile iliyokwisha kuzidiwa.

Tuanze na kinachotokea besi inapopiga. Injini ikiwaka, alternata inashikilia volti kati ya 13.8 na 14.4. Betri iliyojaa na kutulia ina volti 12.6 hivi. Maana yake, muda wote alternata inapomudu, betri haichangii kitu kwenye muziki; yenyewe inachajiwa. Amplifaya ikidai ampia nyingi kuliko alternata inavyoweza, volti zinaporomoka mpaka zikutane na za betri, na hapo ndipo betri inaanza kusaidia. Mporomoko huo wa kutoka 14.4 hadi 12.6 ndio unaouona kwenye taa. Balbu ya halojeni inapoteza mwanga haraka kuliko volti zinavyoshuka: kwa tofauti hiyo pekee mwanga unapungua zaidi ya theluthi. Wenye taa za LED wengi hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo wasidhani wako salama. Taa hizo mara nyingi zina saketi inayoweka mwanga sawa hata volti zikishuka, na amplifaya inaumia kimyakimya.

Sasa kapasita. Nishati iliyomo ni nusu ya faradi mara volti kwa kipeo cha pili. Faradi moja kwenye volti 14.4 ina jouli 104 hivi. Ikishuka hadi volti 12 imebaki na jouli 72. Hizo 72 hazikusaidii, kwa sababu ili uzipate lazima uache volti zianguke chini ya 12, na hicho ndicho unachokikimbia. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni jouli 32. Amplifaya ya daraja la D yenye wati 1000 za RMS (nguvu halisi ya mfululizo) na ufanisi wa asilimia 80 inavuta wati 1250. Gawanya 32 kwa 1250: sekunde 0.025. Besi ya hezi 40 inatumia sekunde 0.025 kumaliza mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja tu.

Kuna atakayesema kapasita haibebi mzigo wote peke yake, alternata nayo ipo. Ni kweli, basi tuhesabu upungufu tu. Tuseme alternata imezidiwa kwa ampia 30. Faradi moja ikitoa ampia 30 inapoteza volti 30 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka 14.4 hadi 12.6 ni sekunde 0.06. Besi ndefu inayovuma nusu sekunde imekwisha kuimaliza mapema kabisa. Linganisha na betri ya kawaida ya ampia-saa 60: ina ampia-sekunde 216,000. Kapasita ya faradi moja, hata ukiikamua mpaka sifuri, ina 14.4.

Je, haifai kabisa? Inafaa, mahali pake. Alternata haijibu papo hapo. Koili yake ya ndani inahitaji muda kujenga usumaku, kwa hiyo ngoma fupi kali inapopiga kuna mwanya mdogo kabla haijaongeza umeme. Kama alternata yako ina uwezo wa kutosha kwa wastani, nyaya ni nene na betri ni nzima, kapasita iliyo karibu na amplifaya inaziba mwanya huo vizuri. Yaani inanyoosha umeme ambao tayari unatosha.

Kabla ya kufika huko, angalia volti zako zinapotelea wapi. Kwa magari mengi ninayoyapima, sehemu kubwa ya ugonjwa ni waya. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, urefu mita 5 kutoka boneti hadi buti, ukipitisha ampia 100 unakula volti 1.07. Wa milimita 21 unakula 0.41. Wa milimita 50 unakula 0.17. Hizo ni hesabu za shaba halisi. Waya wa alumini iliyopakwa shaba, ule ulioandikwa CCA, una ukinzani mara moja na nusu hivi ya shaba kwa unene uleule. Na usiangalie unene wa plastiki ya nje, kata ncha utazame chuma chenyewe kina ukubwa gani.

Upande wa ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, ndio unaosahaulika zaidi. Ampia zote zinazoingia kwenye amplifaya lazima zirudi, na zinarudi kwa njia hiyo. Utakuta waya wa chanya mnene kama kidole, halafu ethi ni kipande chembamba kilichobanwa kwa skrubu ya bati juu ya rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, upana wa sarafu kubwa, tumia boliti na nati yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isiingie. Na tafadhali, usitumie boliti ya mkanda wa usalama. Hiyo kazi yake ni moja na haichanganywi na muziki.

Namna ya kupima: tafuta mita yenye kitufe cha kurekodi kiwango cha chini, maana mita ya kawaida inasoma polepole na mdundo unapita kabla haijasoma. Kama huna, cheza toni moja ya hezi 50 kwa sekunde mbili tatu, sauti ya kawaida unayosikilizia, na usirefushe kwa sababu toni mfululizo inachemsha koili ya sabufa. Injini iwe inawaka. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye teminali za amplifaya. Halafu fanya kipimo ambacho wengi hawakifanyi: weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya, muziki ukipiga. Unachosoma hapo ni volti zinazoliwa na waya wa chanya na fyuzi zake. Rudia hasi kwa hasi, upate zinazoliwa na ethi.

Volti zikishuka kwenye betri yenyewe, shida iko kwa alternata au betri. Zikiwa nzuri kwenye betri na mbovu kwenye amplifaya, shida ni waya. Kapasita haimo kwenye majibu hayo yote mawili.

Karibuni tujadili.

BesiNzito:
Mkuu umenigusa. Nina kapasita ya faradi 20, ile yenye skrini ya namba za bluu. Amplifaya wati 1200, sabufa mbili. Taa bado zinacheza kama kawaida. Kwa hesabu zako faradi 20 si ingenitosha?

Mleta uzi:
Ingekuwa kweli 20, ungeona tofauti. Ndugu yangu, namba ya kwenye kopo si ushahidi. Unaweza kuipima mwenyewe. Itoe garini, itoe chaji yote mpaka isome sifuri, kisha ichaji kutoka kwenye betri kupitia rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 5. Washa saa, subiri ifike volti 7.9, ambayo ni asilimia 63 ya 12.6. Sekunde ulizopata gawanya kwa 100, jibu ndio faradi zako. Faradi moja itachukua sekunde 100. Faradi 20 za kweli zitachukua sekunde 2000, zaidi ya nusu saa. Ikijaa ukiwa bado unatafuta pa kukaa, umeshapata jibu. Zima skrini kwanza au ichomoe, kwa sababu nayo inakula umeme na itaharibu kipimo.

Halafu kuna la pili: ukinzani wa ndani. Kapasita nzuri ya faradi moja ina miliomu chache. Nyingi za namba kubwa kwa umbo dogo zina ukinzani mkubwa ndani. Kwa ampia 100, kila miliomu inakula volti 0.1. Kapasita yenye miliomu 20 ingepoteza volti 2 ndani yake kabla haijakusaidia, na hapo betri iliyo mbali inaishinda.

fundi_waya:
Mleta uzi nakubali mengi, ila naona umeikaba sana kapasita. Mimi nafunga muziki kila siku. Kuna magari ya amplifaya ndogo, wati 400 hivi, nyaya shaba tupu, betri mpya, na bado taa za dashibodi zinapepesa kidogo kwenye ngoma. Unaweka faradi moja nzuri, inatulia. Mteja anaondoka ameridhika. Kwa nini nimwambie anunue alternata?

Ila niongeze la usalama maana watu wanajichoma. Usiunganishe kapasita tupu moja kwa moja na betri. Tupu ni sawa na shoti: cheche kubwa, fyuzi inakatika, na teminali zinaungua. Ninavyofanya mimi: natoa fyuzi kuu karibu na betri, nafunga kapasita na waya zote, hakikisha redio imezimwa, halafu badala ya fyuzi naweka balbu ya indiketa ya wati 21 kwenye ncha mbili za kishikio cha fyuzi. Balbu inawaka kwa nguvu, inaanza kufifia, inakuwa nyekundu, inazimika. Hapo kapasita imejaa kupitia balbu. Napima volti kuthibitisha, natoa balbu, narudisha fyuzi bila hata cheche moja. Kuitoa garini ni vilevile: naikata kwenye saketi, naweka balbu kati ya chanya na hasi yake mpaka izimike. Spana ikigusa teminali mbili za kapasita iliyojaa, chuma kinayeyuka. Vua pete na saa ya chuma.

Na chanya iende chanya. Ukigeuza, gesi inajaa ndani na kopo linaweza kupasuka.

Mleta uzi:
fundi_waya, hapo hatupingani hata kidogo. Gari unalolieleza lina alternata inayotosha na nyaya safi, na mwanya uliobaki ni wa muda mfupi. Huko ndiko kapasita inastahili kuwekwa. Ninachokipinga ni kuifunga kwenye mfumo wa wati 1500 wenye waya wa milimita 8 kisha kumwambia mtu kazi imeisha.

Maelezo ya balbu watu wayahifadhi. Naongeza: waya kati ya kapasita na amplifaya uwe mfupi, sentimita 30 au chini, na ethi zote mbili zikutane sehemu moja. Kapasita ukiiweka kule mbele karibu na betri, waya mrefu unaikatia makali. Fyuzi kuu nayo isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya huo ukichunika kabla ya fyuzi, hakuna cha kuuzuia kuwasha gari moto.

Kimya_Kimya:
Samahani wakubwa, mimi mgeni kwenye mambo haya. Vipi betri ya pili kwenye buti? Jamaa mmoja aliniambia ndiyo dawa.

Mleta uzi:
Karibu sana. Betri ya pili inasaidia sana kama unapiga muziki injini ikiwa imezimwa, na ikiwa karibu na amplifaya inapunguza kushuka kwa volti kwenye waya. Hasa ya AGM (ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mdogo na ikitulia inakaa 12.8. Ila nayo haizalishi umeme. Fikiria bomba dogo linalojaza ndoo: ukiongeza ndoo ya pili, maji ya bomba hayajaongezeka. Ukiishiwa betri mbili usiku, alternata yako inazijaza zote mbili asubuhi, huku ikiendesha gari. Weka fyuzi kila upande wa waya unaoziunganisha, kwa sababu sasa kuna umeme ncha zote mbili.

Kabla ya betri ya pili, badilisha nyaya tatu za chini ya boneti: alternata kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Za kiwandani zilipimwa kwa mahitaji ya gari lenyewe, muziki haukuwemo. Usiondoe za zamani, ongeza mpya sambamba nazo, na ile ya alternata iwe na fyuzi.

BarabaraNdefu:
Gari yangu ni ya miaka ya karibuni. Nikiwa barabarani mita inasoma 12.7, nikiachia mafuta inapanda 14.8. Fundi kasema alternata inakufa. Ni kweli?

Mleta uzi:
Usiibadilishe bado. Magari mengi ya sasa yana alternata inayoamriwa na kompyuta. Inapunguza volti unapokanyaga mafuta ili kuokoa petroli, na inapandisha unapoachia. Tafuta kifaa kidogo kilichobanwa kwenye hasi ya betri, kina plagi yake ya waya. Hicho kinapima ampia zinazoingia na kutoka. Ethi zako zote za muziki zifunge kwenye bodi, usizifunge juu ya hasi ya betri moja kwa moja, la sivyo kompyuta haitaona mzigo wa amplifaya na itaendelea kudhani betri imetulia. Jaribu pia kuwasha taa kubwa: kwenye baadhi ya magari kompyuta inapandisha volti mzigo ukiongezeka. Kama hazipandi hata kwa mzigo, hapo ndipo umsikilize fundi.

Nyuzi14:
Na zile kapasita kubwa za seli sita? Naona watu wa mashindano wanazitumia.

Mleta uzi:
Hizo ni habari nyingine kabisa, zisichanganywe na kopo la faradi moja. Kila seli inahimili volti 2.7, sita kwa mfululizo zinafika 16.2. Seli za faradi 3000 zikipangwa sita zinakuwa faradi 500, maana kwenye mfululizo faradi zinagawanyika. Rudia hesabu ya juu: upungufu wa ampia 30, kutoka 14.4 hadi 12.6, sasa unapata sekunde 30 badala ya 0.06. Unazisikia, na mita inaziona. Lakini lazima ziwe na bodi ya kusawazisha seli, vinginevyo moja itapita 2.7 na kuharibika kabla ya wenzake. Na shoti ya kitu hiki ni ya kuogopwa, teminali zifunikwe. Zaidi ya hapo, wimbo mrefu wenye besi nzito bado utazimaliza kama alternata ni ndogo.

Kimya_Kimya:
Ule mlio wa alternata unaopanda na injini kwenye spika, kapasita itauondoa?

fundi_waya:
Mara chache sana. Huo kwa kawaida ni ethi: redio na amplifaya zimefungwa ethi sehemu zenye tofauti ya volti, au waya za mawimbi ya sauti kutoka redio hadi amplifaya zimelala pamoja na waya wa umeme. Rekebisha ethi, pitisha waya za mawimbi upande mwingine wa gari.

BesiNzito:
Nimerudi wakuu. Nimeazima mita yenye kurekodi. Bila muziki betri 14.1. Muziki ukipiga betri inashuka hadi 12.4, kwenye amplifaya 11.3. Chanya kwa chanya 0.3. Hasi kwa hasi 0.8. Kapasita niliijaribu kwa rezista, ilifika 7.9 kabla ya dakika mbili kuisha.

Mleta uzi:
Kazi safi sana, hivi ndivyo inavyotakiwa. Kapasita yako basi ni ya faradi moja na kidogo, namba 20 uifute akilini. Tazama volti zako: kati ya 14.1 na 11.3 umepoteza 2.8. Waya wa chanya ni 0.3 tu, uache. Ethi imekula 0.8, na hiyo utaipata bila kununua kitu kikubwa. Amplifaya nyingi hazina saketi ya kusawazisha volti, nguvu yake inafuata kipeo cha pili cha volti. Kutoka 11.3 hadi 12.1 ni ongezeko la asilimia 15 hivi za wati.

Zile 1.7 zilizobaki ni alternata kuzidiwa. Kabla ya kufikiria kubwa, shusha nyongeza ya besi kwenye redio. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai wati mara mbili, desibeli 6 mara nne. Kama umeiweka juu kabisa na geini (kitufe cha amplifaya cha kukuza mawimbi) nayo juu, amplifaya inaklipu, yaani inakata vilele vya mawimbi, na kuvuta ampia ambazo masikio yako hayafaidiki nazo. Kisha angalia mkanda wa alternata haujalegea, na upime tena injini ikiwa mizunguko 2000, maana ikizunguka polepole alternata haitoi uwezo wake wote. Kama kwa mizunguko hiyo betri inabaki juu ya 13.5 muziki ukipiga, alternata yako ni nzima na shida ni ya gari likiwa limesimama tu. Ikibaki 12.4, ni ndogo.

Ethi yako sasa hivi imefungwa wapi, na waya wake una unene gani? Piga picha ukishaifungua, tuone kama kuna rangi au kutu chini ya ile pete ya ncha ya waya.